Rekodi moja si mnyama mmoja: kutafuta ndani ya kanzidata ya video za kilindini

Roboti ya utafiti ikiteremshwa kwa kebo katika Ghuba ya Monterey, California, hukaa majini saa nyingi na kurudi na video ndefu ambayo yenyewe haitafutiki. Kinachotafutika ni maneno ambayo mtu ameyafunga kwenye picha: sekunde hii amepita ngisi, sekunde ile wapo majongoo bahari watano juu ya tope, hapa umelala mfuko wa plastiki. Taasisi ya utafiti wa bahari ya MBARI, iliyoanzishwa na David Packard mwaka 1987 na yenye makao yake Moss Landing, imeifanya kazi hiyo tangu roboti yake Ventana ilipoanza kuzamishwa mwaka 1988. Mfumo wake unaitwa VARS, na umekusanya rekodi zaidi ya milioni 10. Haya tunayoyaeleza yametokana zaidi na VARS, lakini anayetafuta kwenye kanzidata nyingine za namna hii, kama SeaTube ya Kanada au J-EDI ya Japani, atakutana na mengi ya haya haya.

Watu wengi hufika kwenye kanzidata ya namna hii na swali moja: mnyama huyu anaishi wapi? Huandika jina, hubonyeza, hupata mistari 3,000 ya jedwali, huiweka kwenye ramani na kudhani kazi imekwisha. Ramani ile inaonyesha mahali ambapo macho ya watu yalikuwa. Mchambuzi wa video aliketi mbele ya skrini, akasimamisha picha, akaandika alichokitambua. Roboti ilipokuwa inashuka kwa haraka kwenda kuchota tope mita 3,000 chini, maji yote ya katikati huenda yalipita bila picha kusimamishwa. Na mkuu wa safari alipokuwa anatafuta yavuyavu, yavuyavu waliandikwa mmojammoja, ilhali samaki waliopita nyuma yao huenda hawakuandikwa kabisa. Usipoyajua hayo kabla ya kutafuta, jibu litakuja safi na litakupotosha.

Mstari umeundwa na nini

Mstari mmoja umeunganishwa kutoka sehemu tatu, na kila sehemu ina namna yake ya kukosea. Ya kwanza ni jina la kilichoonekana pamoja na maelezo yake, vyote kutoka kwa mchambuzi. Ya pili ni wakati, unaotoka kwenye video. Ya tatu ni vipimo vya vihisi vilivyofungwa kwenye roboti: kina, latitudo, longitudo, joto, chumvi, oksijeni, na jinsi mwanga unavyopenya majini. Sehemu hii ya tatu huletwa baadaye na kuunganishwa na jina kwa kufuata wakati. Kwa hiyo saa ikikosea, vipimo vyote vinakosea pamoja. Roboti inayoshuka mita 30 kwa dakika, ikiwa saa ya kinasa video imechelewa sekunde 30, itakupa kina kilichokosewa mita 15. Roboti ikiwa imetulia sakafuni, kosa lile lile haligusi chochote. Unapoona kiumbe wa majini kati mwenye kina kisichoeleweka, angalia kwanza kama roboti ilikuwa inashuka au inapanda.

Rekodi za enzi za kanda zina tatizo lake la pekee. Kanda zilibeba msimbo wa muda wa saa, dakika, sekunde na fremu. Video ya Marekani huenda fremu 29.97 kwa sekunde; msimbo unaohesabu 30 kamili bila kuruka namba huachana na saa ya ukutani kwa sekunde 3.6 kila saa moja. Ni kidogo, lakini ukitaka kumrudia mnyama aliyepita mbele ya lenzi kwa sekunde mbili tu, utakuta maji matupu na kudhani rekodi ni ya uongo.

Wakati kwenye mstari huandikwa kwa UTC, saa moja ya kimataifa isiyofuata nchi. California iko nyuma ya UTC kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi, hivyo mzamo (safari moja ya roboti majini) wa alasiri wakati wa baridi hukatika katikati: saa 16:00 ya kule tayari ni 00:00 ya tarehe inayofuata. Ukichuja kwa tarehe utapata nusu ya mzamo. Chuja kwa namba ya mzamo, tarehe ibaki ya kuhakikisha tu. Na sisi tuliozoea kuhesabu saa kuanzia macheo tuandike daftari la kazi kwa tarakimu za saa 24 peke yake. Mwenzako akisoma “saa tatu” hatajua kama ni 03:00, 09:00 au 21:00, na kwenye kazi hii hakuna njia ya kubahatisha.

Mti wa majina

Ndani ya VARS majina yamepangwa kama mti: tawi la juu ni pana, na kila tawi lina matawi yake hadi kwenye spishi. Mchambuzi huandika jina la chini kabisa analoweza kulitetea. Samaki aliyeonekana kama kivuli mbali na taa huandikwa “samaki” tu. Aliyekuja mbele ya lenzi huandikwa hadi spishi. Matokeo yake, ukitafuta spishi peke yake unapata wale tu waliopigwa picha nzuri. Ukitafuta jenasi bila kuchagua matawi yake, unapata waliokwama kwenye jenasi, na spishi zote zinaachwa nje. Kosa hili la pili ndilo linalowakumba wengi, kwa sababu jedwali linakuja na mistari ya kutosha na hakuna onyo lolote linalotokea.

Njia inayofaa ni kutafuta mara tatu na kuweka hesabu kando kwa kando. Kwanza spishi peke yake. Pili jenasi peke yake bila matawi. Tatu familia pamoja na matawi yake yote. Ikiwa waliokwama kwenye jenasi wanakaribia nusu ya wote, usichore ramani ya spishi. Ungekuwa unachora ubora wa picha. Fanya uchambuzi kwenye ngazi ya jenasi na useme hivyo waziwazi.

Majina yenyewe hubadilika. Chukua Bathochordaeus, kiumbe mwenye umbo la kiluwiluwi anayejijengea nyumba ya ute inayoweza kufika upana wa mita 1. Carl Chun alimweleza Bathochordaeus charon mwaka 1900 kutokana na safari ya meli ya Kijerumani Valdivia, ile ile iliyofika Dar es Salaam mwaka 1899. Zaidi ya karne moja baadaye watafiti wa Monterey walitambua spishi nyingine wakaiita Bathochordaeus mcnutti. Ukitafuta mcnutti katika miaka ambayo jina hilo halikuwapo, utapata tu zile rekodi ambazo mtu alirudi kwenye video na kuzisahihisha. Grafu ya miaka itaonyesha mnyama “anaibuka” ghafla, na kilichoibuka ni jina. Zaidi ya hayo, kiumbe huyu huitelekeza nyumba yake ikiziba, na nyumba tupu huzama polepole na kuandikwa kwa jina lake lenyewe. Amua mapema unahesabu nini: mnyama, nyumba yenye mnyama, au nyumba iliyotelekezwa. Ukichanganya vitatu hivyo, mnyama mmoja anaweza kukupa mistari mingi kwenye vina ambavyo hakuwahi kuishi.

Mfano mwingine ni konokono asiye na gamba anayeogelea, Bathydevius caudactylus. Alionekana mara ya kwanza Februari 2000 kupitia roboti Tiburon, mita 2,614 chini. Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti walimwita kwa jina la utani tu, wakakusanya mionekano zaidi ya 150, hadi alipopewa jina rasmi mwaka 2024. Anayetafuta mnyama asiyefahamika vizuri asiishie kwenye majina ya Kilatini. Aangalie pia majina ya muda, na asome tawi zima la mti kwa macho yake kabla ya kubonyeza.

Kabla ya kutafuta, pitisha jina lako kwenye WoRMS, rejista ya dunia ya spishi za baharini, uone jina linalokubalika leo na majina ya zamani. Andika namba yake ya AphiaID. Tahajia inaweza kubadilika, namba hukusaidia kumfuatilia. Kisha angalia kanzidata yenyewe imechagua jina lipi, kwa maana inaweza kuwa bado iko kwenye la zamani, au imeshika jina la muda ambalo WoRMS haina. Linganisha pande zote mbili. Kazi hii huchukua nusu saa na huokoa wiki nzima ya kusafisha data baadaye.

Viungo, na kwa nini mistari huzidi

Jina peke yake halitoshi. Mchambuzi huliongezea viungo, na kila kiungo kina vipande vitatu: aina ya uhusiano, kitu kinachohusishwa, na thamani. Kiungo cha upon husema kiumbe yuko juu ya nini: tope, mwamba, matumbawe. population-quantity husema idadi. identity-certainty husema mchambuzi hana hakika na jina. identity-reference husema kwamba huyu ni mnyama yule yule aliyekwisha kuandikwa mapema katika mzamo huu. comment ni maneno huru, na humo ndimo mara nyingi hukaa jambo ambalo hukulijua la kuuliza.

Hapa ndipo hesabu huharibika, na huharibika kwa pande zote. Mstari mmoja wa jongoo bahari unaweza kubeba idadi ya 200. Mistari sita inaweza kuwa pweza mmoja aliyezungukwa na kamera kwa dakika 20. Halafu kuna wingi unaoletwa na jedwali lenyewe: ukiomba viungo vitokee kwenye matokeo, rekodi yenye viungo vitatu huweza kutoka kama mistari mitatu. Ukiomba na picha, fremu iliyohifadhiwa kwa PNG na kwa JPG huizidisha tena mara mbili. Mnyama mmoja amekuwa mistari sita na hakuna mtu aliyekosea kuandika.

Usafishaji una mpangilio wake, na ukiupindua unaharibu. Anza na namba ya kipekee ya rekodi, observation_uuid: kila namba ibaki mara moja, viungo vyake vyote vikusanywe ndani ya kisanduku kimoja. Kisha unganisha rekodi zenye jina moja na namba moja ya identity-reference ndani ya mzamo mmoja. Usiunganishe kati ya mzamo na mzamo, kwa sababu namba hizo huanza upya. 1 ya mzamo huu haina uhusiano na 1 ya mzamo mwingine. Mwisho, palipo na idadi, tumia idadi. Pasipo na idadi, hesabu mmoja. Mchambuzi akiwa ameandika neno la wingi bila namba, usibuni namba. Weka safuwima ya pekee ya “wengi, idadi haijulikani” na uripoti ni rekodi ngapi ziko humo.

Zile zenye identity-certainty zisifutwe kimyakimya. Fanya hesabu mbili, moja pamoja nazo na moja bila, na ikiwa hitimisho linageuka, basi hitimisho lako linategemea wanyama ambao mchambuzi mwenyewe hakuwa na hakika nao.

Vipimo

Kina kilichoandikwa ni cha roboti. Mnyama anaweza kuwa mita chache juu au chini yake, jambo lisilo na uzito kwa anayechora picha ya tabaka za mita 100 mia, lakini lenye uzito kwa anayesema kiumbe anakaa juu kidogo ya sakafu. Latitudo na longitudo chini sana hutokana na sauti inayosafiri kati ya meli na roboti. Kwenye kina cha maelfu ya mita, tofauti ya makumi ya mita si ajabu, na kuna nukta zinazoruka mbali kabisa. Ukiona roboti “imehama” kilomita moja kwa sekunde mbili, nukta hiyo ni mbovu.

Alama ya kutoa mbele ya namba ndogo ina nguvu kubwa. Monterey iko karibu latitudo 36.7 na longitudo -122. Lahajedwali ikiila ile alama, ghuba nzima inahamia Bahari ya Njano upande wa China. Kwetu kosa huwa kwenye latitudo: Tanga iko karibu -5 na 39, na bila alama samaki wako aina ya silikanti wataogelea kusini mwa Ethiopia.

Oksijeni inahitaji uangalifu zaidi. Data za Monterey hutumia mililita kwa lita, vyanzo vingine hutumia maikromoli. Mililita 1 kwa lita ni karibu maikromoli 44.7 kwa lita. Kwa kilo ya maji ya bahari ni pungufu kidogo, kama 43.5. Kama huna hakika na kizio, tafuta mnyama unayemjua. Vampyroteuthis infernalis, ngisi-vampaya, pale Monterey hukaa zaidi kati ya mita 600 na 900, ndani ya tabaka lenye oksijeni haba, kwa kawaida chini ya mililita 0.5 kwa lita. Safuwima yako ikimpa 15 au 20, hayo ni maikromoli. Ikimpa 5 kwa kizio chochote kile, simama uchunguze kihisi.

Sifuri na tupu ni vitu viwili. Kihisi cha oksijeni kilichozimwa hakimaanishi maji yasiyo na oksijeni, na lahajedwali nyingi hugeuza kisanduku kitupu kuwa sifuri bila kuuliza. Hesabu visanduku vitupu vya kila safuwima kabla ya kukokotoa wastani wowote.

Saa za kutazama

Tukiambiwa tubaki na somo moja tu katika kazi yote hii, tungebaki na hili la saa za kutazama. Idadi ya rekodi bila muda wa kutazama haina maana. Tuseme umepata wanyama 40 kwenye mita 700 na 10 kwenye mita 2,500. Ramani itasema mita 700 ndiyo makazi. Lakini ikiwa roboti ilitazama saa 200 kwenye mita 700 na saa 20 tu kwenye 2,500, basi hapo juu ni mnyama 0.2 kwa saa, na kule chini ni 0.5. Makazi yamehama kwa kugawanya tu.

Namna ya kuzipata saa hizo: omba orodha ya mizamo yote ya eneo lako na kipindi chako, hata ile ambayo mnyama wako hakuonekana. Hiyo ndiyo inayosahaulika, kwa sababu ukitafuta kwa jina, mizamo yenye sifuri haitokei kabisa. Chukua data za safari ya roboti, hesabu sekunde zilizotumika katika kila tabaka la mita 100, gawa kwa 3,600. Ondoa muda ambao kamera haikuwa na kazi ya kutazama: kushuka kwa kasi, kuchota tope, kusubiri. Kama data za safari hazipatikani, tumia rekodi zote za majina yote katika kila tabaka kama kipimo cha macho yaliyokuwapo. Ni kipimo dhaifu, kwani mahali penye viumbe wengi hupewa uzito mkubwa kupita kiasi, lakini ni bora kuliko kukosa kabisa.

Historia ya vyombo imo ndani ya namba hizi. Ventana haishuki zaidi ya mita 1,850 hivi. Tiburon, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, na Doc Ricketts iliyochukua nafasi yake mwaka 2009, zote zilijengwa kufika mita 4,000. Kwa hiyo “ongezeko” la wanyama wa mita 3,000 baada ya miaka hiyo ni ongezeko la uwezo wa kufika. Kamera nazo zimebadilika, na viumbe wadogo wa uwazi huongezeka kwenye rekodi kila kamera inapoboreshwa. Halafu jua mzamo ulichambuliwa kwa undani gani: mingine imepitiwa kwa makini kutoka mwanzo hadi mwisho, mingine imeandikwa muhtasari tu. Usiiweke kwenye kapu moja.

Palipo na mikato iliyopangwa, itumie hiyo kwanza. Katika maji ya kati ya Monterey, roboti hupita kwa mwendo mmoja kwenye vina vilivyowekwa, kwa kawaida dakika 10 kila kina, na kila kinachopita huandikwa. Hapo sifuri ni sifuri ya kweli, ila kwa wale wanaokimbia taa na kelele. Samaki wepesi huondoka kabla lenzi haijawafikia, na hakuna hesabu itakayowarudisha.

Ngisi mkubwa Dosidicus gigas ni mfano mzuri wa sifuri inayoaminika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulitumia rekodi za roboti za 1989 hadi 2005 na kuonyesha kwamba alifika Monterey wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, akatoweka, kisha akarudi na kubaki kuanzia 2002. Hitimisho hilo lilisimama kwa sababu roboti zilikuwa zikirudi ghuba ile ile mwaka hadi mwaka, na ngisi huyu ni mkubwa na hujitokeza mbele ya taa. Mnyama wa sentimita 2 asingeruhusu hitimisho kama hilo kwa data zile zile.

Takataka nazo zilihesabiwa hivyo hivyo. Katika utafiti wa 2013, saa 18,000 za video za 1989 hadi 2011 zilitoa rekodi 1,149 za taka, kuanzia mita 25 hadi 3,971. Plastiki ilikuwa karibu theluthi, chuma karibu robo. Taka zilijitokeza zaidi kwenye kina kinachozidi mita 2,000, na hilo lilionekana kwa sababu hesabu ilizingatia muda wa kutazama kwenye kila kina. Hakuna aliyezamisha roboti ili atafute mifuko. Wachambuzi waliiandika kwa miaka 22 bila kujua itakuja kuulizwa, na hiyo ndiyo faida ya kuandika kila kinachoonekana.

Vivyo hivyo kwa chakula. Mwaka 2017 watafiti walikusanya mionekano 743 ya mnyama akimla mwingine na kupata mahusiano 242 tofauti ya ulaji, mengi yakiwahusu viumbe laini kama ute ambao hupotea kabisa kwenye wavu na ndani ya tumbo. Anayetafuta jambo la namna hii aanze na kiungo, si jina: omba rekodi zote zenye kiungo cha kula, kisha uone nani anatokea.

Kurudi kwenye picha

Usichapishe chochote kabla hujatazama. Chukua rekodi 50 kwa bahati nasibu, ongeza zote za pembezoni: ya kina kikubwa kuliko zote, ya kina kidogo kuliko zote, ya zamani kuliko zote, na iliyo mbali na wenzake kwenye ramani. Fungua video sekunde 10 kabla na 10 baada. Kwenye mizamo inayoandikwa moja kwa moja wakati roboti iko majini, kama ile ya meli ya Marekani Okeanos Explorer ambako wanasayansi walioko nchi kavu huandika kupitia SeaTube, maandishi huchelewa. Fungua dakika nzima kurudi nyuma. Zile za pembezoni ndizo zenye makosa mengi, na ndizo pia zenye ugunduzi, kwa hiyo usizifute kwa sababu tu zinaudhi grafu.

FathomNet ni chombo kingine chenye kazi yake. Humo kuna picha ambazo wanyama wamezungushiwa visanduku na kupewa majina, kwa ajili ya kufundisha kompyuta kutambua. Inafaa sana kujifunza sura ya mnyama na kulinganisha. Haifai kuuliza mnyama hayupo wapi, kwa kuwa picha zilichaguliwa, na si kila kilichomo kwenye picha kimezungushiwa kisanduku.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi una macho machache mno kilindini. Mradi wa SERPENT wa Uingereza umetumia roboti za mitambo ya kuchimba gesi, ikiwemo kwenye maji ya Tanzania. Nekton, shirika la Uingereza la utafiti wa bahari, ilipiga video Shelisheli mwaka 2019. Anayetafuta kwenye OBIS, kanzidata ya dunia ya viumbe wa baharini walikoonekana, rekodi za kina kirefu kati ya Lamu na Mtwara asisome utupu kama bahari isiyo na uhai. Na yeyote mwenye roboti ndogo Tanga, Mombasa au Unguja aandike tangu mzamo wa kwanza: saa ya kuanza na kumaliza kutazama kwa UTC, kina kila sekunde, jina pamoja na AphiaID, na mzamo usioona kitu nao uandikwe. Mzamo mtupu usioandikwa hauwezi kurudishwa baadaye.

Ukimaliza kutafuta, hifadhi pamoja na jedwali amri yenyewe ya SQL (lugha ya kuulizia kanzidata) au vichujio ulivyochagua, tarehe ya kutafuta, na idadi ya mistari kabla na baada ya kila hatua ya usafishaji. Kanzidata hizi husahihishwa siku hadi siku, na swali lile lile mwezi ujao litatoa hesabu nyingine. Ukikuta jina lililokosewa, usilirekebishe kwenye faili lako peke yake. Waandikie wanaoitunza, uwape observation_uuid, namba ya mzamo, wakati kwa UTC, jina lililopo, jina unalolipendekeza na alama uliyoiona kwenye picha iliyokufanya useme hivyo.